Usalama wa jirani asiye na mlango: Mafunzo kutoka Yaeda Chini

SIFA zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia amani kuwa neema ambayo mja aghalabu huitambua baada ya kuondokewa nayo. Ama baad.

Ndugu msomaji, mazungumzo juu ya uhalifu yamekuwa sehemu ya maisha yetu. Katika vitongoji vya pembezoni mwa miji yetu, watu wakikutana msibani, kwenye daladala au barazani baada ya Isha, hawakawii kusimuliana nyumba ya fulani ilivyovunjwa na pikipiki ya fulani ilivyoporwa. Kila anayejenga hupiga hesabu ya nondo za madirisha, ukuta, vipande vya chupa juu ya ukuta, geti la chuma na mshahara wa mlinzi, hata kabla hajapiga hesabu ya bati. Tumefika mahali ambapo usalama maana yake ni kufunga, na aliye salama ni yule aliyeweza kufunga zaidi kuliko jirani yake.

Ijumaa ya leo tumependelea kulitazama jambo hili kutokea mahali ambapo hakuna cha kufunga. Mahali penyewe ni Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, mkoa uliozaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Arusha. Jina lake linajieleza: ni bonde lililolala chini ya nyanda za juu za Mbulu, upande wa Ziwa Eyasi, ndani ya Bonde la Ufa. Huko wanaishi watu ambao baadhi yao hulala katika vibanda vya matawi na majani vinavyojengwa kwa saa chache, visivyo na mlango wala komeo. Swali letu ni hili: mtu asiye na mlango huibiwa nini? Na akiibiwa, hulindwa na nani?

WATU WA BONDE

Wenyeji wa zamani wa bonde hilo ni Wahadzabe, ambao katika vitabu vya zamani waliitwa pia Watindiga. Idadi yao yote haifiki 1,500. Lugha yao ina sauti za kudoa ulimi, na wanazuoni wa lugha hawajaweza kuiunganisha kwa uthabiti na lugha nyingine yoyote duniani. Sehemu kubwa ya riziki yao wameipata kwa uwindaji wa upinde na mshale, kwa kurina asali, na kwa mizizi, ubuyu na matunda ya porini ambayo wanawake huyachimba na kuyachuma kila siku. Hawalimi wala hawafugi, au ndivyo walivyokuwa kwa karne nyingi, na hadi leo wamo wanaoendelea hivyo.

Hawako peke yao. Wanao majirani wafugaji, Wadatoga, ambao tawi lao kubwa ni Wabarbaig. Wapo pia wakulima wa Kiiraqw, ambao wengi wetu tunawaita Wambulu, wanaoshuka kutoka milimani kutafuta mashamba. Wapo na Waisanzu kutoka upande wa Singida. Kwa hiyo Yaeda Chini, kwa udogo wake, ni mtaa kama mitaa yetu: watu wa asili tofauti, riziki tofauti na lugha tofauti, waliokutanishwa na ardhi moja na maji yale yale machache.

AMANI ISIYO NA MAHAKAMA

Lililowashangaza wengi waliokwenda kujifunza kwa Wahadzabe ni kwamba hawana jumbe, hawana mzee mkuu mwenye amri, hawana baraza la hukumu wala adhabu iliyoandikwa. Mtaalamu wa Kiingereza, James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwaka 1958, alieleza kwa urefu namna jamii hii inavyokaa bila mtawala. Kila mwanamume ana upinde, na kila mwenye upinde anayo mishale yenye sumu iliyochemshwa kutokana na utomvu wa mimea ya porini, sumu inayoweza kumwangusha mnyama mkubwa. Wote hulala mahali pa wazi. Hivyo basi mwenye nguvu hawezi kumwonea mnyonge bila kukumbuka kwamba mnyonge naye anao mshale, na kwamba usiku wote wawili watafumba macho.

Hatusemi kwamba watu hao ni malaika. Ugomvi upo, wivu upo, na hata damu imepata kumwagika, kama inavyomwagika kwingine. Ila dawa yao ya ugomvi ilikuwa nyepesi kuliko zote tunazozijua: kuhama. Wawili wakikosana, mmoja hufunga virago vyake, ambavyo mtu mmoja huvibeba mgongoni, akaenda kambi nyingine kwa ndugu zake. Hasira ikapoa, siku zikapita, wakakutana tena msimu wa asali kana kwamba hapakuwa na kitu. Na mali nayo haikuwa chanzo kikubwa cha husuda, kwa sababu mnyama mkubwa akiangushwa nyama yake hugawiwa kambi nzima, na aliyepiga mshale hana fungu la kujilimbikizia.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji asimame kidogo. Iwapo kuhama ndiyo mahakama yao, basi pori ndilo jengo la mahakama hiyo. Mwenye kulipunguza pori huwapunguzia chakula, na huwaondolea pia njia yao ya kusuluhishana. Watu waliozoea kupishana wakisongamanishwa mahali pamoja, bila desturi ya hakimu na bila nafasi ya kuondoka, ugomvi uliokuwa ukiyeyuka kwa safari ya siku mbili hugeuka donda ndugu.

Jambo hili lilishuhudiwa. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali ya Tanzania, kwa nia njema ya kuwaletea watu wake shule, zahanati na mashamba, iliwakusanya Wahadzabe wengi wakae pamoja hapo Yaeda Chini. Maradhi yakaenea katika msongamano ule, chakula cha msaada kilipopungua watu wakachoka kungoja, na baada ya muda wengi wakarudi porini. Waliorudi waliitwa wakaidi. Sisi twaona walikuwa wakikimbilia usalama kwa njia pekee waliyoijua.

WIZI USIOITWA WIZI

Sasa tulijibu lile swali letu la kwanza. Katika mitaa yetu mwizi huja usiku, huvunja, hubeba na kukimbia. Huko bondeni aliyekuja alikuja mchana, taratibu, pengine kwa salamu. Alikata miti ya mzunguko wa boma lake la ng'ombe. Mwaka wa pili akaja ndugu yake. Ng'ombe wakanywa kisima mpaka kikakauka, wanyama pori waliozoea kisima kile wakaenda mbali, na mwindaji akalazimika kuwafuata. Upande mwingine mkulima alifyeka ekari moja ya vitunguu au mahindi palipokuwa na mizizi ya kuliwa, kisha ekari tatu, kisha akamwita shemeji yake. Mti wa asali uliojulikana kwa vizazi ukawa mkaa wa siku moja.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyejiona mwizi. Kila mmoja alisema: nimelikuta pori, halina mtu. Zamani mbung'o walililinda bonde, kwa kuwa penye mbung'o ng'ombe hakai. Mbung'o walipopungua na watu walipoongezeka, ulinzi ule uliondoka, na ukosefu wa uzio ukahesabiwa kuwa ukosefu wa mwenyewe. Wenye kufuatilia habari za Wahadzabe wameandika kwamba katika muda wa nusu karne hivi jamii hii ilipoteza sehemu iliyo kubwa mno ya ardhi iliyokuwa ikiitumia.

Wizi wa namna hii hauingii katika takwimu. Hakuna kituo cha polisi kinachofungua jalada kwa sababu nyuki wamehama. Nasi tunapodai kwamba eneo fulani lina uhalifu mdogo kwa kuwa taarifa zilizofika kituoni ni chache, tujiulize kwanza ni hasara za nani zinazohesabiwa kuwa uhalifu.

MVAMIZI NAYE ALIPORWA

Uadilifu unatulazimisha tusiishie hapo. Ni rahisi mno kumnyooshea kidole mfugaji wa Kibarbaig, hasa kwa kuwa jina lake lilikwisha chafuliwa zamani. Waswahili wamemwita Mmang'ati, jina lenye asili ya Kimaasai na maana yake ni adui. Mtu uliyempa jina la adui humuulizi anatoka wapi na kwa nini amekuja.

Basi na tuulize. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, katika nyanda za Hanang, Shirika la NAFCO lilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Katika miaka iliyofuata mashamba hayo yalifikia takriban ekari 100,000, na ardhi iliyochukuliwa ilikuwa malisho bora kabisa ya Wabarbaig. Njia za ng'ombe kwenda majini zilizibwa. Makaburi ya wazee wao, vichuguu vitukufu wanavyoviita bung'eda, yalipitiwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwasikiliza, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliipa haki NAFCO, kwa hoja, miongoni mwa nyinginezo, kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa iligawiwa ardhi ile. Ng'ombe hawasomi hukumu. Walihitaji nyasi, na wenye ng'ombe wakatawanyika kutafuta nyasi, wengine mpaka Yaeda.

Kwa maneno mengine, aliyempora mwindaji pori lake ni mtu aliyeporwa malisho yake, na aliyempora huyo alikuwa na karatasi, muhuri na nia ya kulisha taifa mkate. Hiyo haihalalishi uvamizi, kwa kuwa dhulma haifutwi kwa kuihamishia kwa aliye dhaifu zaidi. Lakini inatufundisha kwamba uhalifu wa kitongoji mara nyingi huanzia nje ya kitongoji. Anayemkamata wa mwisho katika mnyororo na kumwacha wa kwanza hajaleta amani, amekuza hasira tu.

ARDHI "ISIYOTUMIKA"

Kiini cha mkasa huu ni neno moja: kutumia. Sheria zetu kwa muda mrefu zimeyatambua matumizi yanayoonekana kwa macho, yaani jembe, nyumba, uzio. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu kubwa katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, ikasema kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba mtu aliyetia juhudi katika ardhi yake hanyang'anywi bila fidia ya haki. Hukumu hiyo ilikuwa ngao kwa wakulima wengi. Hata hivyo, mwindaji anayeacha pori kama alivyolikuta ataonyesha juhudi gani mbele ya hakimu? Juhudi yake kubwa ni kutoharibu.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilifungua mlango mpana zaidi kwa kuvipa vijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yao na kutoa hati za hakimiliki ya kimila. Ila hata humo, Sheria ya Ardhi ilipoeleza ardhi ya jumla iligusa pia ardhi ya kijiji "isiyokaliwa au isiyotumika", maneno ambayo wanasheria wameyajadili tangu siku hiyo. Kwa mfugaji aliyeondoka kiangazi atarudi masika, na kwa mwindaji aliyepumzisha bonde moja akaenda jingine, maneno hayo ni mlango ulioachwa wazi usiku.

FIQHI INASEMAJE?

Kwa kuwa msomaji wa ukurasa huu atataka kujua wanazuoni wetu wamelitazamaje jambo la aina hii, tutaligusa kwa ufupi. Katika fiqhi mna mlango wa kuhuisha ardhi mfu. Asili yake inafahamika: mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa huwa na haki nayo. Imamu Abu Hanifa aliweka sharti la idhini ya kiongozi, na Imamu Shafi'i hakuliweka sharti hilo. Wapo watu wanaoishika kanuni hii nusu, wakadhani kila penye majani marefu ni halali ya mwenye panga la kwanza.

Lakini wanazuoni hao hao walisimama kwenye suala linalotangulia: ni ardhi ipi iliyo mfu? Wakasema kwamba viunga vya makazi ambavyo watu huvitegemea kwa malisho, kuni, maji na mapito havihesabiwi kuwa ardhi mfu, japo havijalimwa wala kujengwa. Hivyo ni sehemu ya makazi, na mgeni hana haki ya kuvihuisha. Kwa kipimo hicho, sisi twaona kwamba pori ambalo kaya hupata humo chakula cha kila siku haliwi mfu kwa sababu tu halina jembe. Lina uhai, na wenye kuishi humo ndio ushahidi wake.

Mna pia kanuni ya himaa, yaani ardhi ya malisho iliyohifadhiwa kwa manufaa ya wote, kama ile ya Naqii karibu na Madina. Sayyidna Umar (r.a.) alipoweka himaa yake, alimwagiza mlinzi wake, Hunayy, awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie wenye mifugo mingi, akawataja masahaba wakubwa Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Sababu yake ni kwamba tajiri mifugo yake ikiangamia anayo mashamba na mitende ya kurejea, ilhali maskini akipoteza wachache wake atakuja na watoto wake kumlilia kiongozi. Tazama, ewe ndugu, mlinzi wa himaa hakuwekwa kuwalinda wakubwa dhidi ya wadogo. Aliwekwa kwa kinyume cha hivyo.

WAGENI KUTOKA GHUBA

Na tusione haya kulisema lililo la kweli hata linapowagusa walio karibu nasi kwa imani. Mwaka 2007 ilibainika kwamba kampuni ya Tanzania UAE Safaris, yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ilikuwa imekubaliana na Serikali kupewa kitalu cha uwindaji kilichojumuisha Bonde la Yaeda. Zilitajwa ahadi za barabara, shule na zahanati. Wahadzabe walilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba mtu anayewinda kwa ajili ya kula angezuiwa ili mtu anayewinda kwa ajili ya burudani apate nafasi. Kilio hicho kilisikika ndani na nje ya nchi, na kabla ya mwaka ule kwisha kampuni ikajiondoa.

Somo hapo ni kwamba mkataba ulioandikwa vizuri hauhalalishi kilichochukuliwa bila ridhaa. Kadhalika somo ni kwamba mnyonge akisema, na akapata wa kumsikiliza, hata mwenye nguvu hurudi nyuma.

HATI NA MLINZI

Tufike sasa kwenye hatua iliyobadilisha hali. Shirika la Ujamaa Community Resource Team, ambalo kiongozi wake Edward Loure alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016, lilifanya kazi kwa miaka mingi na vijiji vya bonde hilo kupanga matumizi ya ardhi: hapa makazi na mashamba, hapa malisho, hapa malisho ya kiangazi, hapa pori lisilokatwa. Mwaka 2011 jamii ya Wahadzabe ilikabidhiwa hati ya hakimiliki ya kimila kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000. Hati hiyo haikutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Ilitolewa kwa jamii kwa pamoja, ili asitokee mwenye njaa ya leo akauza kipande kitakachowafukuza wote kesho.

Karatasi peke yake haifukuzi panga. Kwa hiyo yalifuata mambo mawili. La kwanza ni mradi wa hewa ya ukaa unaoendeshwa na Carbon Tanzania. Kwa lugha nyepesi, miti iliyosimama huhifadhi hewa inayochangia joto la dunia, na wapo walio mbali wanaolipa ili miti hiyo isikatwe. Malipo huja vijijini, na yametumika katika matibabu, elimu na mengineyo yaliyoamuliwa na wanavijiji. La pili ni walinzi wa jamii, vijana wa bonde hilo hilo wanaolipwa kutembea porini, kuandika wanachokiona, na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji wanapokuta boma jipya, shamba jipya au mtego. Mwaka 2019 jamii hiyo ya Wahadzabe ikatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Angalia mpangilio huo. Kwanza haki ilitambuliwa, kisha mpaka ukawekwa kwa mazungumzo na majirani, kisha akawekwa mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni mwana wa mahali pale anayemjua mwenye ng'ombe kwa jina la baba yake. Mlinzi wa namna hiyo akimkuta mfugaji ndani ya pori la hifadhi huanza na salamu, na mambo mengi huishia hapo, kwa sababu mfugaji naye anajua malisho yake yako wapi.

Hatusemi kwamba kazi imekwisha. Ukame unapokaza, ng'ombe huingia. Mashamba bado yanasogea. Na usalama unaotegemea soko la mbali una udhaifu wake, kwani mnunuzi akikunja mkono posho ya mlinzi itatoka wapi? Haya ni maswali ambayo halmashauri na vijiji havina budi kuyajibu mapema, kabla ya siku ya dhiki.

TAHADHARI YA SUNGUSUNGU

Taifa letu lina uzoefu mrefu wa wananchi kujilinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora, walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi, waliunda sungusungu. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawapa nafasi rasmi. Ng'ombe wengi walirudi. Lakini palipokosekana mpaka wa haki, mahali pengine mshale ule ule uligeuziwa ajuza aliyesingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Baadaye likaja wazo la polisi jamii na ulinzi shirikishi, lililosisitizwa sana enzi za Mkuu wa Jeshi la Polisi Said Mwema, kati ya mwaka 2006 na 2013, nalo lilifaulu pale tu majirani walipoaminiana.

Tofauti ya sungusungu aliyeokoa na sungusungu aliyeua haikuwa katika silaha. Ilikuwa katika kujua nani ana haki gani, na katika kuulizwa baada ya kutenda. Ulinzi usiotanguliwa na haki huishia kuwa mkono wa wengi dhidi ya mmoja.

TUTOKE NA NINI?

Ndugu msomaji wa kitongoji chenye mageti, pengine utasema: sina pori mimi, wala sina mshale. Lakini tazama mtaa wako. Eneo la wazi lililokuwa uwanja wa watoto limezungushiwa ukuta na nani? Njia ya miguu ya wazee kwenda sokoni imezibwa na nani? Mfereji wa maji ya mvua umejengwa juu yake, na maji yanaingia kwa nani? Hayo nayo hayamo katika takwimu za uhalifu, na aghalabu aliyeyatenda ndiye anayelalamika kwa sauti kubwa juu ya vibaka. Kijana asiye na uwanja, asiye na njia na asiye na nafasi hakuzaliwa kibaka, japo hatumpi udhuru.

Tunapendekeza, basi, mambo matatu. Kwanza, kamati ya ulinzi ya mtaa isikutane kupanga zamu za usiku kabla haijajua mipaka ya mtaa wake: yapi ni ya mtu, yapi ni ya wote, na nani ameingia kwenye yasiyo yake. Pili, walinzi watoke miongoni mwa wakazi, wajulikane kwa majina, na waandike wanachokiona, kwani aliyeandika huulizwa na aliyeulizwa huwa mwangalifu. Tatu, asiyekuwa na ukuta, yaani mpangaji wa chumba kimoja, mama wa genge na kijana wa bodaboda, awe na sauti katika kikao hicho sawa na mwenye ghorofa. Haki za jirani hazikufungwa kwa mwenye hati ya nyumba.

Jirani asiye na mlango ndiye kipimo cha amani yetu. Yeye akilala usiku bila hofu, sisi wenye milango tutalala. Yeye akikosa pa kuhamia, nondo zetu zitaendelea kuwa nene mwaka hadi mwaka, na usingizi wetu kuwa mwepesi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu ajaalie miji yetu na mabonde yetu kuwa mahali pa amani, na atupe ujasiri wa kurudisha kisicho chetu kabla hatujaulizwa. Wabillahi tawfiq.